Kodi ilifutwa, bei ikabaki palepale: tuliyojifunza kwenye hoja za taulo za kike, kikotoo na michezo ya wasichana

Juni 2018, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, aliposoma hotuba ya bajeti bungeni Dodoma alitangaza kuwa taulo za kike zinaondolewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Waliokuwa wamesukuma hoja hiyo, wabunge kama Upendo Peneza na vikundi vya wanawake huko nje, walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Juni 2019 waziri yuleyule akairudisha kodi ileile. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: bei madukani haikushuka, nafuu imeishia mikononi mwa wafanyabiashara.

Ilituuma wengi. Lakini kwa sisi tunaopeleka hoja za familia za wafanyakazi, viwanda vya ndani na michezo ya wasichana, miezi ile kumi na miwili imebaki kuwa darasa kubwa. Tunaandika haya kwa ajili ya kikundi kinachojiandaa kwenda Dodoma, au hata kwenye baraza la madiwani tu, kisiingie na hoja ya namna ile.

Shida inaanzia kwenye hesabu. Hoja ilisema "ondoeni kodi". Kodi ya VAT huondolewa kwa njia mbili, na njia hizo hazifanani hata kidogo. Kuna msamaha, na kuna kutoza kwa kiwango cha sifuri. Kilichotolewa 2018 kilikuwa msamaha.

Chukua kiwanda cha mfano hapa nchini. Kwa kila pakiti kinanunua malighafi, vifungashio na umeme vya shilingi 600, na juu yake kinalipa VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 108. Pakiti kinaiuza shilingi 1,000, ukiweka VAT 180 inakuwa 1,180. Katika hali ya kawaida kiwanda kinakata ile 108 kilichokwisha kulipa na kupeleka TRA shilingi 72. Sasa bidhaa ikipewa msamaha, kiwanda hakitozi tena ile 180, lakini pia kinapoteza haki ya kudai ile 108. Inageuka gharama. Ili kibaki na faida ileile lazima kiuze 1,108. Mnunuzi anayesubiri punguzo la shilingi 180 anapata 72, tena hapo ni mlangoni mwa kiwanda.

Mwagizaji yuko pazuri zaidi. Pakiti yake imetengenezwa nje, na nchi nyingi hazitozi VAT bidhaa inayosafirishwa kwenda kuuzwa nje. Msamaha unamfutia kodi ya bandarini karibu yote. Kinachombakia ni VAT ndogondogo za usafirishaji, ghala na ofisi. Kwa hiyo hoja iliyopelekwa kwa nia njema kabisa ilikipunguzia nafuu kiwanda cha ndani na kumpa nyingi zaidi anayeshindana nacho. Mwenye kudai haki za mfanyakazi wa kiwandani na haki za msichana wa shule kwa pamoja, kama tunavyofanya sisi, hapaswi kuliacha jambo hilo lipite.

Kwa kiwango cha sifuri, kiwanda kingeuza 1,000 na TRA ingekirudishia 108. Hapo nafuu inakuwa kamili. Ila mjue mapema kwamba Hazina haipendi njia hii, maana inailazimu kutoa fedha taslimu, na marejesho ya VAT yana foleni. Kiwanda kidogo ambacho fedha yake imekwama kwenye marejesho kinaweza kufa huku kikiwa na haki yake kwenye makaratasi. Anayedai kiwango cha sifuri aende na pendekezo la muda wa kurejesha. La sivyo adai njia ya tatu: malighafi nazo zisamehewe. Kenya walikwenda hivyo kwa hatua. Mwaka 2004 waliondoa VAT kwenye taulo zenyewe, mwaka 2016 wakaigusa malighafi, na mwaka 2017 sheria yao ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili mwanafunzi wa kike apewe taulo bure shuleni.

Tushuke sasa dukani, maana waziri alipima huko. Mwenye duka la mtaani kwa kawaida hajasajiliwa VAT. Kizingiti cha usajili kilikuwa mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 ni milioni 200. Yeye hununua kwa muuzaji wa jumla, kodi imo ndani ya bei, na hana risiti inayomwonyesha kodi hiyo ni shilingi ngapi. Halafu bei za duka la mtaani hupanda na kushuka kwa mia mbili au mia tano. Sabini na mbili ikigawanywa kati ya msambazaji, wa jumla na wa rejareja, hakuna atakayebadilisha bei aliyoiandika kwa kalamu kwenye rafu. Hakukuwa na haja ya mtu kuwa mwizi ili bei ibaki palepale, ingawa tunaamini wapo walioiona nafuu wakaikalia.

Ndiyo maana jambo la kwanza tunalosisitiza ni daftari la bei, na lianze kabla ya hoja. Ukiwa na bei za Mei una la kusema Septemba. Usipokuwa nazo, waziri akisema haikushuka huna jibu. Daftari lenyewe halina ufundi mkubwa. Andika tarehe, kata, aina ya duka (la mtaani, la jumla, duka la dawa, supamaketi), chapa, idadi ya vipande ndani ya pakiti, bei, na imetengenezwa wapi. Idadi ya vipande ndiyo inayosahaulika, na ndiyo muhimu kuliko zote. Pakiti ikitoka vipande 10 ikawa 8 kwa bei ileile, bei imepanda kwa asilimia 25, na daftari lililoandika bei ya pakiti tu halitaona kitu. Linganisheni bei ya kipande kimoja. Rudini kwenye duka lilelile, chapa ileile. Bei za jumla zifungamanishwe na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kila inapowezekana, kwa kuwa kwenye risiti hiyo VAT inasomeka peke yake.

Mabadiliko ya Sheria ya Fedha huanza 1 Julai. Msikimbilie kupima Julai hiyo. Shehena iliyolipiwa kodi ya zamani bado iko ghalani na mwenye mali hataiuza kwa hasara. Pimeni Mei, halafu Septemba, halafu Desemba, na ripoti ya Desemba iwe mezani Wizara ya Fedha kabla mapendekezo ya mwaka unaofuata hayajafungwa. Mwenye kutaka kodi irudi atakuwa na hesabu zake. Nanyi muwe na zenu.

Hapo tunafika kwenye kalenda, ambako vikundi vingi huangukia. Watu huamka Juni. Hotuba ya bajeti ikishasomwa, Muswada wa Sheria ya Fedha unakwenda Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Bajeti, kamati inaita wadau, na muda ni wa siku chache. Nendeni, msiache. Lakini elewa kwamba wakati huo mapato na matumizi yameshalinganishwa, na kila shilingi unayoomba ipunguzwe inaacha shimo ambalo waziri lazima alizibe ndani ya wiki mbili. Mahali pa kuanzia ni Kikosi Kazi cha maboresho ya kodi kilicho chini ya Wizara ya Fedha, ambacho hupokea mapendekezo miezi mingi kabla ya hotuba. Tangazo lake likitoka, andiko liwe tayari. Kuanza kuandika siku ya tangazo ni kuchelewa.

Ushuru wa forodha una meza nyingine kabisa. Viwango vyake ni vya pamoja kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki: 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya hotuba zao na kukubaliana nani atatoka nje ya kiwango cha pamoja na kwa bidhaa gani. Ukimwomba Mbunge wako Juni apunguze ushuru wa forodha wa malighafi, unamwomba kitu kilichokwisha kuamuliwa pengine. Na taja namba ya bidhaa. Taulo za kike ziko kwenye kichwa 96.19 cha orodha ya forodha, na kichwa hicho hicho kina nepi za watoto. Andiko linalosema "96.19" bila kufafanua linaomba punguzo la bidhaa zote hizo, na Hazina itapiga hesabu ya hasara kwa zote, kisha ikukatalie kwa sababu ya nepi ambazo hukuziombea.

Andiko lenyewe liwe fupi, na kiini chake kiwe jedwali: kifungu kilivyo sasa, maneno mnayopendekeza yawekwe, sababu, mapato yatakayopungua, na yatafidiwa wapi. Maneno mnayopendekeza yaandikwe kama yatakavyosomeka kwenye sheria. Kama ni msamaha, onyesheni mstari wa kuongezwa kwenye Jedwali la Sheria ya VAT, Sura 148. Mjumbe wa kamati akiwaunga mkono ananyanyua karatasi yenu na kusoma. Akipewa kurasa ishirini za hisia, hata awe na moyo kiasi gani, hana cha kusoma.

Mfano mzuri wa hoja iliyokwenda na hesabu ni ya watoto njiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mama wa watoto zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Mama aliyejifungua kabla ya wakati alikuwa anamaliza sehemu kubwa ya siku hizo akiwa wodini, mtoto kifuani. Wanaharakati, Doris Mollel Foundation wakiwa mstari wa mbele, hawakuishia kusema mama huyo aonewe huruma. Walidai muda ule ambao mtoto alipaswa kuwa bado tumboni uhesabiwe kando. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho, na kipimo kilichowekwa ni wiki 36 za ujauzito. Mwajiri anaweza kuhesabu, hospitali inaweza kuthibitisha, hakuna la kubishania.

Kinyume chake, tazama kikotoo, fomula ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Kanuni za 2018 zilishusha mkupuo, ile sehemu ya mafao inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, hadi asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akazisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Juni 2024 serikali ikatangaza 40 kwa wale walioshuka kutoka 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Mjadala wote vijiweni na hata kwenye mabango ulikuwa juu ya asilimia. Lakini asilimia ni kipande kimoja cha fomula. Aliyekuwa PSPF, mfuko wa zamani wa pensheni wa watumishi wa umma, alikuwa anakokotolewa hivi: mshahara wa mwaka mara miezi ya kazi mara 1/540, kisha asilimia 50 ya jibu inazidishwa kwa miaka 15.5. Kikotoo cha 2022 ni 1/580 na miaka 12.5. Mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, wastani wa mshahara wake bora ukiwa milioni moja kwa mwezi, kwa fomula ya zamani alipata mkupuo wa milioni 62. Kwa asilimia 33 mpya ni kama milioni 30.7. Kwa asilimia 40 ni kama milioni 37.2. Kwa hiyo anayesikia "50 imekuwa 40" anadhani amepoteza sehemu moja ya tano, kumbe amepoteza mbili. Upande wa pili pia usemwe, maana ni kweli: pensheni yake ya kila mwezi ilikuwa kama 333,000 kwa fomula ya zamani, na kwa 40 mpya ni kama 372,000. Ukificha hili kwenye andiko lako, mtaalamu wa wizara atalitoa yeye, na baada ya hapo hakuna atakayeamini namba zako nyingine. (Askari wastaafu wa JWTZ wasichanganywe humu. Mafao yao hulipwa na Hazina, si PSSSF (mfuko wa sasa wa pensheni wa watumishi wa umma), na hoja yao inaandikwa peke yake.)

Gharama. Tuseme wazi, kwa sababu vikundi vya wanawake huvunjika hapa. Wito wa kamati hufika kwa muda mfupi. Kuna nauli, kuna malazi Dodoma wakati wa Bunge ambapo vyumba vimejaa na bei imepanda, kuna nakala za andiko kwa kila mjumbe na sekretarieti. Anayeweza kumudu haya bila kuhangaika ni mwagizaji mkubwa, si kikundi cha mafundi cherehani kutoka Tandahimba. Muungane, basi, na vyama vya wafanyakazi, na Shirikisho la Viwanda, na mashirika ya elimu. Lakini kabla ya kupanda basi kaeni mkubaliane kwa maandishi. Mwenye kiwanda anataka kiwango cha sifuri, mwagizaji anataka msamaha, shirika la elimu linataka serikali inunue na kugawa bure. Wote wanasema "taulo za kike". Wakiingia chumbani bila kuelewana, kamati inasikia madai matatu yanayopingana, na mwenyekiti hana lawama akiyaweka yote pembeni. Na ule mchoko wa kurudi mikono mitupu baada ya kujinyima mwezi mzima ni mkubwa; tumeona watu wazuri wakiacha kabisa.

Wakati mwingine mlango wa karibu unafunguka kirahisi kuliko wa Dodoma. Chukua timu ya wasichana ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nchi ilijivunia Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 India mwaka 2022, na wasichana kama wale huanzia kwenye viwanja vya shule. Msichana anayekosa mazoezi siku nne au tano kila mwezi kwa kukosa taulo na chumba cha kubadilishia nguo chenye maji, kocha anamwona mvivu na kumwacha nje. Hili halihitaji Sheria ya Fedha. Linahitaji mstari kwenye bajeti ya halmashauri.

Mstari huo una njia yake. Unaanzia mkutano wa kijiji au mtaa, unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo diwani ndiye mwenyekiti, kisha kitengo cha michezo halmashauri, timu ya menejimenti, kamati ya fedha, hadi baraza la madiwani. Mapema mwaka mpya wa kalenda kazi kubwa inakuwa imekwisha, kwa hiyo mikutano ya kata ya Oktoba na Novemba ndiyo ya kuhudhuria. Diwani akikubali mkutanoni, usiondoke na ahadi. Nenda kwa afisa michezo uulize kama shughuli imeingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, na kwa maneno gani. Kisichokuwa PlanRep hakilipwi kupitia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, hata mkurugenzi akitaka. "Kuwezesha michezo" ni maneno ambayo fedha yake huishia kwenye posho na mafuta ya gari. Dai iandikwe: taulo za kike kwa wachezaji kadhaa kwa siku kadhaa za kambi, usafiri, mhudumu wa afya wa kike. Idadi iwepo.

Tahadhari moja juu ya muda. Mashindano ya UMITASHUMTA (ya shule za msingi) na UMISSETA huangukia katikati ya mwaka, mwaka wa fedha ukiwa unaisha, na halmashauri ambayo mapato yake ya ndani yamelegalega hukata kwanza vitu vya namna hii. Ombeni vifaa vinunuliwe robo ya pili. Taulo hazichachi, usafiri pekee ndio usubiri.

Na zinunuliwe kwa nani? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha mafundi wanaoshona taulo za kufua kinaweza kukopa humo, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Ila mpangilio wa hatua ni muhimu. Kikundi kisajiliwe kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii. Kipate barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kiombe nembo ya ubora ya TBS. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO hupata nembo bila ada katika miaka ya mwanzo. Kisha kiingie kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Kinachoharibu mara nyingi ni kukopa kwanza. Vitambaa vinanunuliwa, taulo zinashonwa, nembo haijatoka, halmashauri haiwezi kununua, na marejesho ya mkopo yameanza kudaiwa. Kitambaa pia kichaguliwe mapema na kisibadilishwe, kwani sampuli iliyopimwa TBS ikiwa ya pamba na mzigo ukaja wa nailoni, kibali hakina maana.

Baada ya bajeti kupita, baraza la madiwani hupokea taarifa ya utekelezaji kila robo, na mikutano yake iko wazi kwa wananchi. Mmoja wenu akae pale na karatasi yenye mambo matatu ya kumpa diwani aulize: kilichotengwa kwenye mstari wetu ni kiasi gani, kilichotoka robo hii ni kiasi gani, na risiti ya ununuzi inaonyesha vipande vingapi.